Kombe la FA la wanawake England: kwanini watu wanabishana hata lilianza lini

Jumapili ya tarehe 18 Mei 2025 tulikuwa kijiweni tunafuatilia kwa simu ya jamaa mmoja fainali ya Kombe la FA la wanawake, Chelsea na Man United, pale Wembley. Chelsea wakashinda 3-0, Sandy Baltimore mawili na Catarina Macario moja, afu yakaanza mabishano ambayo hata hayakuihusu ile mechi. Shabiki wa Arsenal akasema nyie Chelsea mnapiga kelele na makombe yenu sita, sisi tunalo mara 14. Dogo akaingia mtandaoni kuhakiki akakuta nafasi ya pili wapo Southampton, mara 8, kijiwe kizima kikashangaa, Southampton hii hii tunayoijua? Mwingine akasema kombe lenyewe ni la juzi tu, limeanza 1971. Mwingine akakataa, akasema kuna sehemu alisoma habari za fainali ya 1922. Na mzee wetu mmoja ambaye huwa haongei sana akasema hao wanawake walikuwa wanajaza viwanja tangu enzi za vita ya kwanza ya dunia.

Kila mmoja pale alikuwa sahihi kwa upande wake, na ndo maana hayakuisha mpaka simu ikazima chaji. Nimeona niyaweke sawa kwa maandishi maana hii habari naipenda kwelikweli na naona watu wengi wanaishika kipande kipande.

Kwanza tuwekane sawa tunaongelea kombe gani. Wanawake wa England wana ligi yao kuu, Women's Super League, iliyoanza 2011. Wana Kombe la Ligi ambalo ni la timu za madaraja ya juu tu. Afu kuna hili la FA, yaani chama cha soka cha England, ambalo ni mtoano na liko wazi kwa karibu kila timu ya wanawake iliyosajiliwa, kila msimu zinaingia timu zaidi ya 400, nyingi ni za mtaani kabisa, wachezaji ni walimu, manesi, wanafunzi, wanaanza mechi za mchujo mwishoni mwa kiangazi kwenye viwanja ambavyo unasimama pembeni ya kamba. Timu kubwa hazipo huko, miaka ya karibuni zimekuwa zikiingia kuanzia raundi ya nne. Hakuna mechi ya marudiano nyumbani na ugenini, mnapangwa kwa droo, mkitoka sare mshindi anapatikana siku hiyo hiyo, hata kwa penati. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema Chelsea mabingwa muulize wa nini, maana msimu ule wa 2024-25 walibeba vyote vitatu, na ligi walimaliza bila kufungwa.

Sasa turudi kwenye lini lilianza.

Wakati wa vita ya kwanza ya dunia wanaume walienda mstari wa mbele na wanawake wakaingia viwandani, wengi kutengeneza risasi na mabomu. Mapumziko wakaanza kucheza mpira kwenye uwanja wa kiwanda, kiwanda hiki kikacheza na kile, watu wakaja kuangalia, wakaanza kutoza kiingilio na hela inaenda kwa majeruhi wa vita na familia zao. Kaskazini mashariki ya England wakaanzisha kabisa kombe la wafanyakazi wa viwanda vya silaha, msimu wa 1917-18, na fainali wakakutana Blyth Spartans Ladies na Bolckow Vaughan. Mechi ya kwanza ilipigwa uwanja wa Newcastle, St James' Park, ikaisha 0-0. Ikarudiwa Middlesbrough mwezi Mei 1918, Blyth wakashinda 5-0, na binti anaitwa Bella Reay akafunga matatu. Hizo ndo enzi alizozisema mzee wetu, na kombe hilo ni la kweli, ila lilikuwa la mkoa na la wakati wa vita tu.

Timu iliyokuja kuwa kubwa kuliko zote ni Dick, Kerr Ladies, timu ya kiwanda cha mji wa Preston. Tarehe 26 Desemba 1920 walicheza na St Helens Ladies kwenye uwanja wa Everton, Goodison Park, na watu walioingia walikuwa 53,000, maelfu wengine wakabaki nje kwa kukosa nafasi. Naomba uishike hiyo namba, 53,000, maana nitairudia. Hii ni mwaka 1920, hamna televisheni, hamna matangazo ya kwenye simu, watu wamekula sikukuu wakaamka kesho yake wakapanda treni na tramu kwenda kuangalia wanawake wakicheza mpira.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 5 Desemba 1921, FA wakakaa kikao wakatoa azimio. Watu wengi wanasema FA walipiga marufuku wanawake kucheza mpira, sio hivyo hasa. Walichosema ni kwamba mpira haumfai mwanamke na usihamasishwe, wakasema na kwamba kuna wasiwasi hela za viingilio haziendi zote kwenye hisani, baada ya hapo wakaziagiza klabu zote zilizo chini ya FA zisiwape wanawake viwanja vyao. Hakuna polisi aliyetumwa kumkamata mtu. Mwanamke alikuwa huru kucheza mpira England nzima, isipokuwa kwenye uwanja wowote wenye jukwaa na geti la kukatia tiketi.

Hapa ndo mi nasema watu wanapitiliza haraka. Ukimnyima mtu uwanja hujamnyima nyasi, umemnyima kiingilio. Timu inayocheza bustanini au kwenye uwanja wa raga wa kijijini haiwezi kukusanya watu 53,000, haiwezi kutoza hela ya maana, haiwezi kulipa nauli ya kwenda kucheza mbali, na baada ya miaka kadhaa unaweza kusimama ukasema si mnaona, hawana mashabiki. Hiyo kauli ya hawana mashabiki tunaisikia mpaka leo, hata huku kwetu wanaambiwa kina dada wa Simba Queens na Yanga Princess, na England ilitengenezwa kwa azimio la kikao kimoja. Na hawakuwa peke yao, Brazil walikataza kwa sheria ya serikali kuanzia 1941 mpaka 1979, na chama cha soka cha Ujerumani Magharibi kikafanya kama FA kuanzia 1955 mpaka 1970.

Wanawake wenyewe hawakukaa kimya. Siku chache tu baada ya azimio wakaunda chama chao, English Ladies Football Association, na wakaanzisha kombe lao la mtoano. Fainali ikachezwa Juni 1922, Stoke Ladies wakaifunga Doncaster and Bentley 3-1. Hiyo ndo 1922 aliyoisoma yule jamaa. Kwa haki kabisa hilo ndo kombe la kwanza la kitaifa la wanawake England, limeandaliwa na wanawake na washirika wao, limechezwa mpaka mwisho, limepata bingwa. Ila chama kile hakikudumu, bila viwanja na bila hela kikafa, na kombe likaishia msimu huo mmoja. Dick, Kerr wenyewe waliendelea kucheza, walienda mpaka Marekani mwaka 1922, na timu yao kwa majina tofauti ilidumu mpaka 1965. Mmoja wao, Lily Parr, winga wa kushoto aliyeanza akiwa bado mtoto wa miaka 14 hivi, alicheza zaidi ya miaka 30 na alifanya pia kazi ya unesi.

Azimio la 1921 lilidumu karibu miaka 50. Baada ya England kubeba Kombe la Dunia 1966 mabinti wengi wakapata hamu, timu zikaota kila mahali, na Novemba 1969 ukaundwa umoja mpya, Women's Football Association. FA wakalegeza msimamo wao mwanzoni mwa miaka ya sabini. Umoja huo ndo ulioanzisha kombe tunalolihesabu leo. Lilikuwa linaitwa Mitre Trophy kwa jina la mdhamini, zikaingia timu 71, na fainali ikachezwa tarehe 9 Mei 1971 Crystal Palace, London. Southampton wakaifunga Stewarton Thistle 4-1, Pat Davies akafunga matatu. Stewarton ni timu ya Scotland, ndio, mwanzoni kombe lilikuwa wazi mpaka Scotland, na Southampton fainali tatu za kwanza zote walicheza na timu za huko.

Kwa hiyo ukiulizwa lilianza lini, jibu ni 1971, na ukitaka kuwa mkweli zaidi unaongeza kwamba halikuwa la FA. Chama cha FA hakikulianzisha, kililichukua tu mwaka 1993 kilipochukua usimamizi wa soka lote la wanawake. Miaka zaidi ya 20 ya mwanzo ni kazi ya watu wa kujitolea waliokuwa wanapanga droo wakitoka kazini.

Haya, Southampton. Hapa ndo pananoga.

Southampton wenye makombe 8 (1971, 72, 73, 75, 76, 78, 79 na 81) sio Southampton ya wanaume unayoijua. Ni klabu ya wanawake inayojitegemea, Southampton Women's FC, iliyoundwa na mabinti wa mji ule, hawakuwa chini ya klabu ya wanaume. Baadaye kukawa na timu nyingine mjini hapo hapo, Red Star Southampton, ambayo ilifika fainali 1992 ikapigwa 4-0 na Doncaster Belles. Halafu hii ya sasa ya jezi nyekundu na nyeupe inayomilikiwa na klabu ya wanaume ni ya tatu, tofauti kabisa. Ukiona mtu anajumlisha zote kwenye kapu moja, mrekebishe taratibu.

Orodha ya mabingwa ya zamani imejaa majina ya hivyo. Mwaka 1974 bingwa alikuwa Foden's, timu ya kiwanda cha malori cha Sandbach. Mwaka 1982 Lowestoft, 1984 Howbury Grange, 1985 Friends of Fulham ambao nao hawakuwa timu ya klabu ya Fulham. 1989 alibeba Leasowe Pacific, na huyu usimsahau, maana ndo huyo huyo aliyekuja kubadili jina mwaka 1995 akawa Everton, kwa hiyo ukiona Everton wameandikiwa makombe mawili, la 1989 na la 2010, la kwanza walilibeba wakiwa na jina jingine.

Fainali hiyo ya 1989 ilichezwa Old Trafford na ikaonyeshwa kwenye televisheni, mabao matano, 3-2, na waliokaa uwanjani hawakufika hata elfu moja. Kutoka 53,000 kwenye kiwanja cha Everton mpaka mamia ya watu kwenye kiwanja cha Man United. Wanawake wa mwaka 1920 hawakuwa na vipaji kuliko wa 1989, ni kwamba katikati palipita kizazi kizima na nusu ambacho hakijawahi kupelekwa na baba au mama kuangalia wanawake wakicheza. Ushabiki unarithishwa. Mi mwenyewe timu ninayoshabikia nimeikuta nyumbani, sikuichagua.

Timu ninayoihurumia kuliko zote kwenye historia hii ni Doncaster Belles. Iliundwa 1969 na mabinti waliokuwa wanauza tiketi za bahati nasibu kwenye uwanja wa Doncaster Rovers, Belle Vue, ndo jina Belles likatokea hapo. Hawa wakati wa miaka ya themanini na mwanzo wa tisini ukifika fainali ulikuwa na uhakika mkubwa wa kuwakuta, kwa jumla walicheza fainali 13 wakashinda 6. Mwaka 2013 wakiwa kwenye Super League, msimu ndo kwanza umeanza, wamecheza mechi moja tu, wakaambiwa kwamba msimu ujao watashushwa daraja, haijalishi watamaliza nafasi ya ngapi, na nafasi yao ikaenda kwa Manchester City. Sababu iliyotolewa ni vigezo vya leseni, viwanja, fedha, uendeshaji. Walikata rufaa wakashindwa. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba fainali ya Kombe la FA ya mwaka huo huo, Mei 2013, ilichezwa Doncaster, kwenye uwanja waliokuwa wanautumia wao, Arsenal wakaifunga Bristol 3-0 mbele ya watu wasiofika 5,000.

Man City wenyewe sina ubaya nao, wamejenga timu nzuri, wamebeba kombe 2017, 2019 na 2020. Ila ujue kiti kile kilikuwa na mtu.

Kwa hiyo milango ya viwanja ilifunguliwa, sawa, ila funguo zikaishia mfukoni mwa klabu za wanaume. Arsenal ndo mfano mzuri wa upande wa heri. Vic Akers alianzisha timu ya wanawake 1987, huku akiwa pia mtunza vifaa wa timu ya wanaume, na klabu ikaisimamia bila kuyumba, wakabeba kombe la kwanza 1993 na la kumi na nne 2016, na mwaka 2007 walibeba kila kitu walichogombea, pamoja na kombe la Ulaya. Siri yao kubwa ni kwamba walidumu. Wengine hawakuwa na bahati hiyo, angalia orodha hii ya watu waliofika fainali.

Fulham, waliokuwa timu ya kwanza ya wanawake Ulaya kulipa wachezaji wote mishahara ya kudumu, walibeba kombe 2002 na 2003, klabu ikapunguza hela 2003, na 2006 timu ikavunjwa. Charlton walicheza fainali ya Mei 2007 na Arsenal pale Nottingham, watu zaidi ya 24,000, wakafungwa 4-1. Msimu huo huo timu yao ya wanaume ikashuka kutoka ligi kuu, na mwezi uliofuata klabu ikatangaza kuivunja timu ya wanawake ili kubana matumizi. Hebu fikiria, umefika fainali ya taifa, umecheza mbele ya maelfu ya watu, afu unakosa kazi kwa sababu wanaume ambao hujawahi kucheza nao wameshuka daraja. Timu ilikuja kuokolewa ikaanza upya chini. Notts County, waliocheza fainali ya kwanza kabisa ya kombe hili Wembley mwaka 2015, walivunjwa rasmi Aprili 2017, siku mbili kabla ya ligi kuanza. Wachezaji wengine walikuwa wameshapanga nyumba. Kipa wao wa siku ile ya Wembley, Carly Telford, akaenda Chelsea, timu iliyomfunga.

Na Man United wenyewe. Timu yao ya wakubwa ya wanawake waliifuta 2005, wakakaa miaka 13 bila kuwa nayo, klabu tajiri vile, wakarudisha 2018. Mwaka 2024 wakabeba Kombe la FA kwa kuifunga Tottenham 4-0, Ella Toone akafungua kwa shuti la mbali, Rachel Williams kwa kichwa, Lucía García mawili. Siku hiyo hiyo jioni timu ya wanaume ilikuwa inacheza na Arsenal Old Trafford, na mmiliki mwenza Jim Ratcliffe akaenda kule. Watu wa timu ya wanawake wakabeba kombe lao kubwa la kwanza bila yeye jukwaani. Mi hilo lilinikera, nalisema wazi, maana unapoamua ukae wapi siku ya fainali unakuwa umeshajibu maswali mengi ya bajeti.

Sasa Wembley. Fainali za wanaume zilianza kuchezwa Wembley 1923. Za wanawake 2015, miaka 92 baadaye. Siku ya kwanza Chelsea waliifunga Notts County 1-0, bao la Ji So-yun wa Korea Kusini, watu 30,710. Ukikumbuka miaka miwili kabla walikuwa hawajafika elfu tano, utaelewa ni kiasi gani uwanja wenyewe unaita watu. Kuanzia hapo namba zikapanda: 35,271 mwaka 2017, 45,423 mwaka 2018, na 2022 wakafika 49,094 kwenye fainali tamu sana, Man City wanasawazisha dakika za mwisho kabisa kupitia Hayley Raso, mechi inaenda dakika za nyongeza, Sam Kerr anaimaliza, Chelsea 3-2.

Afu tarehe 14 Mei 2023, Chelsea na Man United, Kerr tena, krosi ya Pernille Harder, 1-0, na waliohudhuria ni watu 77,390.

Ile namba niliyokwambia uishike, 53,000 ya Goodison Park, ilikuwa ndo rekodi ya mahudhurio ya mechi kati ya vilabu vya wanawake vya England vyenyewe kwa vyenyewe kuanzia Desemba 1920 mpaka siku hiyo. Miaka mia na miwili na ushee. Mechi za timu ya taifa na za Olimpiki zilikuwa zimeshaipita, na wiki mbili kabla Arsenal na Wolfsburg ya Ujerumani waliipita kwenye mechi ya Ulaya pale Emirates, watu zaidi ya 60,000, lakini vilabu vya England vyenyewe kwa vyenyewe, hapana. Mtu akikwambia soka la wanawake limelipuka ghafla miaka hii, mwambie kwamba lilikuwa linarudi pale liliposimamishwa. 2024 wakaja 76,082, na 2025 wakaja 74,412, kwa hiyo haikuwa ajali ya siku moja.

Tarehe nazo zinachanganya watu, hasa wale wanaohesabu makombe ya Chelsea. Ligi ya wanawake ilipoanzishwa ilichezwa kiangazi, ndo maana fainali ya 2015 ilikuwa mwezi wa nane. Ikaja korona, fainali ya msimu wa 2019-20 ikachezwa Novemba 2020 bila watazamaji, City wakaifunga Everton 3-1 kwenye muda wa nyongeza. Ya msimu wa 2020-21 ikasogezwa mpaka tarehe 5 Desemba 2021, Chelsea 3-0 Arsenal. Miezi mitano baadaye, Mei 2022, Chelsea wakabeba tena, la msimu uliofuata. Hawajapewa mara mbili kimakosa, ni misimu miwili tofauti. Na ukiangalia vizuri hiyo tarehe, 5 Desemba 2021, ni miaka 100 kamili tangu lile azimio la FA. Siku waliyofungiwa milango ya viwanja vyote vya FA, karne moja baadaye watu 40,942 wako Wembley wanaangalia fainali yao. Nilipogundua hilo nilinyamaza kidogo.

Upande wa hela bado kuna safari. Mpaka msimu wa 2021-22 bingwa wa wanawake alikuwa anapata pauni 25,000 kwa kushinda fainali, wakati bingwa wa wanaume anachukua milioni 1.8. Ukiwa bingwa wa taifa na hela hiyo, basi la timu na hoteli za msimu mzima hazilipiki. Msimu wa 2022-23 FA wakapandisha mfuko wote wa zawadi ukafika pauni milioni 3, bingwa akawa anapata 100,000, wanaume wakati huo milioni 2, na msimu uliofuata mfuko ukaongezwa tena ukawa milioni 6. Wanaotetea FA wanasema zawadi zinafuata mapato ya haki za televisheni, kombe la wanaume linauzwa ghali dunia nzima. Hoja ina ukweli wake. Ila tukishajua kwamba bidhaa moja ilizuiwa kuuzwa kwa miaka 50, kulinganisha mapato ya leo bila kutaja hilo ni kuanza kusoma kitabu katikati. Wanaonufaika zaidi na zawadi hizi wala sio Chelsea, ni zile timu za raundi za chini, maana kwao pauni elfu kadhaa ni jezi, refa, na kukodi uwanja mpaka mwisho wa msimu.

Kuna timu moja ningependa uifuatilie. Millwall Lionesses walibeba hili kombe 1991, wakiifunga Doncaster Belles 1-0, na tena 1997. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya timu ile ikajitenga na klabu ya wanaume ya Millwall, wakajiita London City Lionesses, wakaamua kusimama wenyewe. Watu waliwaona kama wamejichimbia kaburi, klabu ya wanawake isiyo na baba mwenye hela England itaishi vipi. Desemba 2023 akaja mama mmoja tajiri wa Marekani, Michele Kang, mmiliki wa Washington Spirit na wa timu ya wanawake ya Lyon, akainunua. Mei 2025, siku ya mwisho ya msimu, walihitaji sare tu kwa Birmingham, wakaipata, 2-2, wakapanda Super League, klabu ya kwanza kupanda pale bila kuwa chini ya klabu yoyote ya wanaume. Bado wanategemea mfuko wa mtu mmoja, na Fulham walishatuonyesha mfuko wa mtu mmoja unaweza kufungwa wakati wowote, kwa hiyo siwezi kusema wameshavuka. Lakini timu ya wanaume ikishuka daraja popote pale London, wao kesho yake wataenda mazoezini kama kawaida.